Nafsi Mia Mbili Sabini na Sita

Dominika ya 12 ya Mwaka B
Masomo: Ayu 38:1, 8–11, 2 Kor 5:14–17, Mk 4:35–41

Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika ya leo inaanza wakati wa jioni. Mwinjili Marko anasema kwamba siku ilikuwa imekwisha, makutano wamekwisha kufundishwa, ndipo Bwana akawaambia wanafunzi wake wavuke pamoja naye kwenda upande wa pili wa ziwa. Hawakungoja mapambazuko. Walisafiri usiku, kama wanavyosafiri hata leo watu wengi wa ziwa letu, kwa sababu mtu anayesafiri usiku huikuta asubuhi sokoni, au hospitalini, au kwenye msiba anakotakiwa.

Marko ana mambo mawili ambayo Mathayo na Luka hawana. La kwanza ni ule mto ambao Bwana aliulalia kichwa huko tezini. La pili ni kwamba chombo chake hakikuwa peke yake. Palikuwa na vyombo vingine vilivyofuatana nacho. Waalimu wengi hupenda kuhubiri juu ya ule mto, nao hufanya vizuri. Sisi leo tungependa kukaa kidogo na vile vyombo vingine. Dhoruba ile haikukipiga chombo cha Bwana tu. Katika giza lile lile walikuwamo watu ambao Injili haitutajii majina yao wala idadi yao, na bahari ilipotulia, ilitulia kwa ajili yao pia. Mtakumbuka kwamba ziwa la Galilaya ni dogo, urefu wake yapata kilomita 21 na upana kilomita 13. Ziwa letu Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,000 na zaidi. Ikiwa dimbwi lile liliweza kuwatoa jasho wavuvi wazoefu kama Petro na Andrea, basi mwenye chombo kwenye ziwa hili asijisifu.

Labda mtu wa hapa Sirari atasema: Baba, mambo hayo wahubirie watu wa Shirati na Kinesi, sisi tunakaa mlimani, safari zetu ni za basi na lori. Ni kweli kwamba toka kanisani kwetu ziwa halionekani. Lakini katika jumuiya zetu ndogondogo wamo wenye watoto wanaosoma ng'ambo ya Mwanza, wamo wanaofuata dagaa visiwani, wamo walioolewa Ukerewe na Bukoba. Na wazee wetu wanakumbuka kwamba, kabla ya kujengwa daraja la Kirumi, hata aliyekwenda Musoma kwa gari alivushwa Mto Mara kwa pantoni. Hapana mtu wa Mara anayeweza kusema kwamba habari za vivuko hazimhusu.

Tuwakumbushe basi yaliyotupata. Usiku wa tarehe 20 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilikuwa safarini kutoka Bukoba kwenda Mwanza, ikiwa imepitia Kemondo. Abiria walilala wakitazamia kuamkia bandarini. Asubuhi ya tarehe 21, ikiwa imebaki safari fupi tu, meli ikapinduka. Ilikuwa na ruhusa ya kuchukua abiria 430. Waliokufa peke yao walizidi mara nyingi idadi ambayo wengi wangedhani, wakapita mia tano, na kadiri ya hesabu nyingine wakapita mia nane. Wengi wao wamelala pale Igoma, Mwanza. Kisha tarehe 20 Septemba 2018 kikazama kivuko cha MV Nyerere, mita chache kutoka gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara, mchana, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho yao. Kivuko hicho kilijengwa kichukue watu 101. Waliokufa ni 228. Walikuwa wametoka Bugolora, na wengi walikuwa wanarudi kutoka sokoni.

Na katikati ya misiba hiyo miwili upo ule wa Zanzibar, ambao ndio unatupeleka kwenye mafundisho ya leo. Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 meli iitwayo MV Spice Islander I iling'oa nanga Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa meli ya kubeba magari na abiria, yaani ile yenye mlango mkubwa ambao magari huingilia na kutokea. Ndugu zetu Waislamu walikuwa wamemaliza mfungo na sikukuu ya Idi siku chache tu kabla, na watu wengi walikuwa wanarudi makwao. Walionusurika walisimulia kwamba baadhi ya abiria, walipoona jinsi meli ilivyolemewa, walikataa kupanda. Yapata saa saba usiku, mbele ya Nungwi, meli ikazama. Watu walielea juu ya magodoro mpaka wavuvi walipowafikia.

Meli hiyo ilikuwa imetengenezwa Ugiriki mwaka 1967. Kwa miaka arobaini ilisafiri katika maji ya Wagiriki, na kwa muda mrefu iliitwa Apostolos P. Makatekista wetu wanajua maana ya neno apostolos: ni mtume, aliyetumwa. Mwaka 2007 iliuzwa, ikaletwa kwetu, ikapewa jina jipya. Hatusemi kwamba chombo kikuukuu ni dhambi. Nani kati yetu hapa mpakani hakununua gari lililokwisha kutumika na wenzake? Tunasema tu kwamba meli yenye umri wa miaka 44 inahitaji kuheshimiwa kama mzee, isitwishwe mzigo wa kijana.

Wapendwa, tukae kidogo huko Ugiriki meli hiyo ilikotoka, kwa maana Wagiriki nao walipata kulia kama sisi. Ni nchi ya visiwa, na kisiwa chao kikubwa kuliko vyote ni Krete, ambako Mtume Paulo alimwacha Tito aweke wazee katika kila mji. Mtu wa Krete anayekwenda mji mkuu hana daraja. Hupanda meli jioni, akaamkia Piraeus, bandari ya Athene. Usiku wa tarehe 7 kuamkia 8 Desemba 1966, meli iitwayo Heraklion ilitoka bandari ya Souda huko Krete, ikiwa na abiria na magari, bahari imechafuka. Humo mlikuwa na lori la kubebea vyakula vya ubaridi ambalo halikufungwa sawasawa. Mawimbi yalipoitikisa meli, lori likaanza kwenda na kurudi, mpaka likapiga mlango wa ubavuni ambao magari huingilia. Mlango ukafunguka. Bahari ikaingia. Watu zaidi ya 200 walikufa karibu na kisiwa kidogo kiitwacho Falkonera, na waliookolewa hawakufika hata hamsini.

Sasa lisikilizeni tena somo la kwanza. Mungu anamjibu Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, naye anazungumza juu ya milango. Anamwuliza Ayubu ni nani aliyeifungia bahari milango ilipotoka kwa nguvu kama mtoto tumboni. Anamweleza kwamba Yeye mwenyewe ndiye aliyeiwekea makomeo na mpaka, akaiamuru isipite hapo. Huo ndio ukuu wa Mungu Muumba: bahari ina nguvu, lakini ina mlango, na mlango una komeo. Basi ikiwa Mungu mwenyewe hakuona aibu kufunga komeo, mwanadamu ni nani hata aone kwamba kukagua komeo la meli ni kupoteza muda? Anayefunga lori kwa mnyororo na kulikagua mara ya pili anafanya kazi inayofanana na ile ya Muumba siku za mwanzo. Aliyeacha kulifunga, je, tumwite mcha Mungu kwa sababu baadaye alisema yalikuwa mapenzi ya Mungu?

Hapa ndipo tunapotaka kusema na ninyi makatekista kwa namna ya pekee, kwa sababu mara nyingi ninyi ndio mnaozika padre anapokuwa mbali. Panapokuwa na ajali, tumezoea kusema makaburini kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Neno hilo ni la kweli. Kazi ya Mungu haina makosa. Lakini kuuza tiketi 300 kwa kivuko cha watu mia moja si kazi ya Mungu. Ni kazi ya mtu, nayo ina makosa, na makosa hayo yana jina katika Amri ya Tano. Ayubu alilitukuza jina la Bwana katika majonzi yake, naam. Lakini wale rafiki zake watatu, waliojitia kumtetea Mungu kwa maelezo mepesi, Mungu mwenyewe aliwakasirikia mwishoni mwa kitabu. Tujihadhari tusije tukawa wa nne. Mjane anayezika mume asiyekuwa na kosa lolote asiambiwe kwamba Mungu ndiye aliyemzamisha mume wake. Aambiwe kwamba Mungu alikuwa pamoja naye majini, kama Bwana alivyokuwa tezini. Na wengine tuulize kwa sauti ni nani aliyekijaza chombo.

Wakrete waliuliza. Uchunguzi ukafanywa, uzembe ukaonekana, na mwaka 1968 wakuu wa shirika lililokuwa na meli ile wakahukumiwa. Lakini watu wa kisiwa hawakungojea hukumu peke yake. Alikuwako huko askofu wa Kanisa la Kiorthodoksi, Irineos wa Kissamos na Selino, ambaye kundi lake lilikuwa limefiwa. Yeye pamoja na waamini wake wakajiuliza: tutaendelea mpaka lini kupanda meli ambazo wenyewe hawatujui? Wakaamua waanzishe shirika lao la meli. Hawakuwa matajiri. Watu wa kawaida kwa maelfu walinunua hisa, kila mmoja kadiri ya mfuko wake, na mwezi wa Aprili 1967 shirika likaanzishwa mjini Chania kwa jina la ANEK. Likaanza safari zake mwaka 1970. (Mtaona kwamba ni mwaka huo huo 1967, katika nchi hiyo hiyo, ilipojengwa ile meli iliyokuja kuzama Nungwi. Kila chombo kina watu wake na mambo yake.) Askofu huyo aliishi umri mrefu, akafariki mwaka 2013 akiwa amepita miaka mia moja. Shirika lenyewe liliendelea zaidi ya nusu karne, likaona miaka ya neema na miaka ya madeni, hata mwaka 2023 likaunganishwa na kampuni kubwa zaidi, Attica Group. Mambo ya biashara ndivyo yalivyo, hatuwahubirii hisa. Tunawahubirieni mchungaji ambaye hakuridhika na kunyunyizia majeneza maji ya baraka.

Sisi wenyewe, katika Mwaka wa Mtume Paulo ambao Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 aliutangaza toka Juni 2008 hadi Juni 2009, tulijaliwa kufuatana na mahujaji kwenda kuona mahali alipopita Mtume, na kutoka Piraeus tulivuka kwenda Krete kwa meli ya usiku ya shirika hilo. Tuwasimulie kidogo, maana kuna la kujifunza. Malori yaliingia kinyumenyume kwa lango la nyuma, mmoja mmoja, kijana amesimama na tochi akiyaelekeza kwa mkono. Lilipokwisha kupangwa, kila lori lilifungwa kwa minyororo kwenye vikuku vilivyo sakafuni, na baharia mwingine akaja nyuma yake akiivuta minyororo ile kwa nguvu zake zote, kuona kama imekaza. Dereva hakuruhusiwa kulala garini, hata angelia. Wote tulipandishwa juu, na ile sitaha ya magari ikafungwa. Juu huko, wapendwa, mngejiona nyumbani: madereva wa malori wakivuta sigara na kulalamikia bei ya mafuta kama wale wa hapa Sirari, kina mama wazee wametandika mablanketi sakafuni na kufungua mikate na jibini zao, watoto wamelala juu ya mabegi. Tofauti na Kemondo ilikuwa kuku tu. Kipaza sauti kikaeleza majaketi ya kuokolea yako wapi na yanavaliwaje. Hapana aliyesikiliza, lakini kilieleza.

Kabla ya hayo yote, tulipokuwa tunapanda, mtu mmoja mlangoni aliichukua tiketi ya kila abiria, akaitazama, akalinganisha na jina. Bibi mmoja wa kundi letu alinung'unika kwamba foleni haisogei. Kiongozi wetu akamweleza kwamba nchi za Ulaya ziliweka sheria mwaka 1998 kwamba meli ya abiria isiondoke bandarini kabla waliomo hawajahesabiwa, na katika safari ndefu majina yao yaandikwe na kubaki nchi kavu. Waliiweka baada ya kufiwa na watu wengi, miongoni mwao 852 waliokufa katika meli ya Estonia usiku wa tarehe 28 Septemba 1994, meli ambayo nayo mlango wake wa mbele uling'olewa na mawimbi. Hata hivyo Wagiriki hawakupona kabisa: mwaka 2000 meli yao nyingine, Express Samina, iligonga mwamba unaojulikana na kila mvuvi wa Paros, wakafa watu wapatao 80. Sheria haifanyi kazi ya macho ya nahodha. Lakini tangu siku ile tumelifikiri sana lile jambo la kuhesabu.

Kwa nini? Kwa sababu katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27, yuko mtu aliyehesabu. Mnaikumbuka habari hiyo. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma katika meli ya shehena ya ngano kutoka Aleksandria. Wanafika Krete, mahali paitwapo Bandari Nzuri. Msimu wa safari umekwisha pita. Paulo anawaonya kwamba safari itakuwa na hasara, si ya shehena tu, bali na ya maisha yao. Lakini akida anamsikiliza nahodha na mwenye meli kuliko Paulo, na wengi wanaunga mkono, kwa kuwa bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi. Je, si habari ya jana? Mwenye chombo ana haraka zake, abiria wengi wana haraka zao, na yule mmoja anayesema tungoje anaonekana mwoga. Kisha upepo wa kusi ukavuma polepole, kila mtu akadhani amepata alichotaka.

Luka alikuwamo humo, na kama sisi leo, anasimulia kwa kusema sisi. Baada ya siku kumi na nne za kutupwatupwa bila jua wala nyota, baada ya kupima kina na kukuta kinapungua, baada ya mabaharia kujaribu kutoroka na mashua na kuwaacha abiria, Paulo akawasihi wale, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaumega. Na hapo hapo, kabla ya kumwaga ngano baharini, kabla hapajapambazuka, Luka anaandika idadi: jumla yetu katika meli tulikuwa nafsi mia mbili sabini na sita. Wafungwa wamo, askari wamo, mabaharia waliotaka kutoroka wamo, mwenye meli mbishi yumo. Na mwisho wa sura anaeleza kwamba wote walifika nchi kavu salama, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Aliweza kusema wote kwa sababu alijua walikuwa wangapi.

Sasa turudi Zanzibar. Ile meli ilikuwa na ruhusa ya kuchukua watu mia sita hivi. Siku za kwanza za msiba ilisemwa kwamba waliokuwamo ni kiasi hicho. Lakini waliookolewa peke yao walizidi mia sita, na kila nyumba ya Pemba ilikuwa na mtu inayemtafuta. Tume ya uchunguzi ikaundwa. Ilibidi watu waende shehia kwa shehia, wafiwa wakiandikisha majina ya watu wao. Mwezi wa Januari 2012 taarifa ikatolewa: waliokuwamo ni 2,470, waliokufa na kupotea ni 1,573, na maiti zilizopatikana ni 203. Tafakarini hesabu hiyo, ndugu zangu. Zaidi ya watu elfu moja na mia tatu hawakuonekana tena, na tulijua kwamba wamepotea kwa sababu tu mama zao walisimama mbele ya karani wakawataja. Wangalikuwa wageni wasio na mama karibu, wasingalihesabiwa kamwe. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilinunua baadaye meli mpya, MV Mapinduzi II, iliyowasili Desemba 2015. Na Ukara nako kilipelekwa kivuko kipya. Tunashukuru. Lakini chombo kipya chaweza kujazwa kwa siku moja kama kilivyojazwa cha zamani.

Hapa mpakani petu lori linapovuka kwenda Isebania au kuja kwetu, huandikwa namba yake, dereva wake na shehena yake. Gunia la mahindi lina karatasi. Ng'ombe ana kibali. Mfugaji wa Kikurya anapolaza kundi lake jioni, hata asipohesabu kwa vidole, anatazama tu mara moja na kujua ni yule mwenye baka jeupe ambaye hajarudi, naye atachukua fimbo na tochi na kutoka usiku ule ule. Yesu alipowauliza wasikilizaji wake ni nani kati yao mwenye kondoo mia ambaye hatamfuata mmoja, alijua kwamba watu kama wetu hawahitaji kufafanuliwa. Lakini watu hao hao wanapopanda mtumbwi wa injini kule Kinesi, au basi la alfajiri, au pikipiki moja watu watatu mtindo wa mshikaki, hakuna anayewaandika wala anayejua kwamba wamepanda. Gunia linapopotea hudaiwa na mwenyewe. Mtu je?

Wako watakaosema kwamba mwenye chombo ni maskini, ana mkopo, na asipojaza halipi. Tunaujua umaskini huo. Ni wa kweli, na si haki kuwatupia mawe vijana wa mitumbwi ilhali wenye kuwapangia kazi wamelala nyumbani. Wako pia abiria wenyewe, ambao chombo kikisema kimejaa wao ndio hupiga kelele na kusukumana, kama wale wengi waliomshinda Paulo pale Bandari Nzuri. Mtume katika somo la pili anatuambia kwamba upendo wa Kristo unatubidisha, na kwamba tangu sasa hatumjui mtu yeyote kwa namna ya mwili. Kwa namna ya mwili, abiria ni nauli na uzito. Katika Kristo ni kiumbe kipya ambaye Mmoja alikufa kwa ajili yake. Nahodha anayeamini hivyo atasema basi, tumetosha, hata akizomewa. Anahitaji watu wawili watatu gatini wa kumwunga mkono, na Wakristo ndio wangepaswa kuwa hao.

Kwa sababu hiyo tunawaomba makatekista wa vigango vya ziwani mfanye jambo dogo. Kaeni na wenye mitumbwi wanaosali nanyi, na wale wasiosali nanyi, maana maji hayaulizi dini. Daftari moja na kalamu. Kila anayepanda aandikwe jina na kijiji chake, na daftari libaki nchi kavu kwa mtu anayejulikana. Majaketi ya kuokolea yanunuliwe kidogo kidogo. Sherehe moja ya ubarikio ikipunguzwa soda, yapo mengi yatakayopatikana. Na siku upepo unapokataa, kigango kitoe mahali pa kulala kwa wasafiri, ili pasiwe na mtu anayelazimika kuvuka kwa kukosa pa kulala. Bandari Nzuri haikufaa kukaa wakati wa baridi. Ndiyo sababu waliondoka. Ninyi ifanyeni ya kwenu ifae.

Wanafunzi walimwamsha Bwana wakamwuliza kama hajali kwamba wanaangamia. Swali lile lilikuwa kali, karibu na matukano, lakini hakuwakemea kabla ya kuinuka. Aliinuka kwanza, akaukemea upepo, akailetea bahari shwari kuu. Ndipo akawauliza juu ya imani yao. Wale wa vyombo vingine hawakumwuliza kitu, na pengine hawakujua hata ni nani aliyewaokoa usiku ule.

Katika sala ya waamini ya Misa ya leo tumepanga kuwaombea marehemu wa MV Bukoba, wa Spice Islander na wa MV Nyerere. Kule Bwisya wako waliozikwa pamoja bila kutambuliwa, na katika mkondo wa Nungwi wako ambao hawakuzikwa kabisa. Makatekista, msomapo nia hiyo, nyamazeni kitambo, ili kila mwamini aliye na jina alitaje mwenyewe kwa sauti. Msiwaharakishe, hata Misa ikichelewa.

Tumsifu Yesu Kristo!